Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na makumbusho: mashujaa wetu tuambiwe wazima wazima

Waheshimiwa mawaziri wa elimu wa Bara na wa Zanzibar, wakubwa wa Taasisi ya Elimu, wakubwa wa makumbusho na mambo ya kale, na nyie masheikh na maaskofu wetu maana na nyie mnahusika humu, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na shikamooni wote mlionizidi umri.

Mi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na tano huu, kwetu ni Pangani ila mkate wangu uko Unguja. Sio profesa wala sina digrii ya historia, nilichonacho ni miguu yangu na hivi vichochoro na maneno ninayoyasema kila siku kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama pale Forodhani. Nimeamua kuandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni tangu mwezi ule shule zilipokuwa zinakuja ziara na kila nikijaribu kukimeza kinarudi.

Mnapajua Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, ambapo sasa pana kanisa kuu la Anglikana. Nje ya kanisa kuna shimo limejengewa na ndani yake kuna sanamu za watu watano wa mawe, zimewekwa mwaka 1998, na shingoni wamevishwa minyororo ya kweli, ya zama zile, chuma chenyewe kimeliwa na kutu. Siku hiyo nilikuwa na wageni wangu wawili nimewapeleka pale, mara likaja kundi la wanafunzi kutoka Bara, wamevaa sweta na jua lile, wakapanga mstari kuzunguka shimo. Mtoto mmoja wa kike, wa darasa la sita au la saba hivi, akainama akaangalia chini muda mrefu kidogo kuliko wenzake, alafu akamuuliza mwalimu wake, "Mwalimu, hawa walifanya kosa gani?"

Walifanya kosa gani! Yule mtoto ameona mtu kafungwa mnyororo, na yeye maishani mwake anajua anayefungwa ni mhalifu, basi akauliza swali la mtu mwenye akili timamu. Mwalimu akamjibu hawa ni watumwa waliuzwa na Waarabu, haya twendeni basi muda unakwenda. Wakaenda. Nusu saa baadaye nikakutana nao tena kule Shangani wamesimama mbele ya ule mlango mkubwa wa nakshi, nyumba ya Tippu Tip, na mwalimu yule yule anawaambia huyu alikuwa mfanyabiashara mashuhuri sana aliyefika mpaka Kongo, andikeni. Na watoto wakaandika, na yule binti naye akaandika, na hakuna hata mmoja aliyewaambia kwamba wale wa kwenye shimo na huyu wa kwenye mlango ni habari moja.

Sitaki mumtafute mwalimu yule mumlaumu, hata shule yake siitaji, yeye alifundisha alichofundishwa, na mimi pia ndivyo nilivyofundishwa. Lawama yangu iko juu zaidi, iko kwenu mnaopanga nini kiandikwe kwenye kitabu na nini kiandikwe ukutani.

Maana hapa kuna jambo la ajabu na nalisema kwa uchungu. Mgeni akitoka Italia au Poland akalipa tiketi yake na akanilipa mimi, anaambiwa habari yote, soko lilikuwa hapa, watu waliletwa kutoka Kilwa na Bagamoyo wamebanwa kwenye majahazi, mkataba wa kulifunga ulisainiwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alisaini baada ya Waingereza kutishia kuzingira kisiwa kwa manowari, sio kwa moyo mweupe. Anaambiwa na bei, anaambiwa na njia, anaondoka anajua. Mtoto wetu ambaye pengine damu ya wale watu inatembea mwilini mwake anapewa nusu ya habari, tena nusu ile yenye sifa.

Tuanze na huyo huyo Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip. Huyu mzee aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kabla hajafa hapa Mji Mkongwe mwaka 1905. Kwa hiyo hakuna anayemsingizia, kasema kwa mdomo wake. Anaeleza alivyomdanganya mfalme mmoja mzee wa kule Utetela kwamba wao ni ndugu wa damu, kwamba bibi yake alitekwa kutoka nchi ile zamani, na kwa uongo huo akapewa nchi na watu wake na pembe zake. Frasila za pembe anazitaja kwa hesabu, watu wanapita makundi makundi tu. Mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Stanley Falls, Kongo, yani alikaa meza moja na yule aliyekuja kuwamaliza Wakongo kwa kuwalazimisha kugema mpira wa porini. Mwisho wa maisha yake anatajwa kuwa na mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Sasa kwenye hilo neno mfanyabiashara mashuhuri, hao elfu kumi wamekaa wapi?

Nakumbuka sisi tulivyokariri shuleni. Biashara ya masafa marefu. Swali linakuja, taja bidhaa zilizouzwa katika biashara ya masafa marefu, na wewe unaandika, pembe za ndovu, watumwa, shaba, chumvi, unapata alama zako unafurahi. Niliandika hivyo mimi na mkono wangu huu, watumwa katikati ya pembe na shaba, na hakuna aliyenistua. Mtu aliyekuwa na mama yake na jina lake na wimbo aliokuwa anaimbiwa usiku, kawekwa kwenye orodha na chumvi. Tippu Tip angeandika orodha ile ile. Waheshimiwa, leo kuna somo jipya mmelianzisha la Historia ya Tanzania na Maadili, na nawapongeza kwa dhati kwamba linafundishwa kwa Kiswahili, lakini kama mmeamua historia na maadili vikae jalada moja basi swali la yule binti ndilo swali la kwanza la somo hilo, na kitabu kikilikwepa neno maadili litakuwa limebandikwa juu ya jalada tu.

Nije kwetu Pangani sasa, maana sio haki niwaseme watu wa Unguja nikawaficha wa nyumbani.

Kwetu shujaa ni Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 walipokuja kupandisha bendera yao na kutaka kutoza ushuru na kutuamrisha kwenye mji wetu. Nimekua nikisikia jina hilo tangu sijaanza shule. Alipigana kweli, Pangani, Bagamoyo, mpaka Wajerumani wakamleta Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, na tarehe 15 Desemba 1889 wakamnyonga pale pale Pangani. Mimi kwa hilo namheshimu na sitaacha. Lakini Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya Pangani haikujikata yenyewe, mashamba yale ya bonde la mto yalikuwa yanalimwa na watumwa, wakikata miwa, wakisukuma vinu, wakikesha kwenye masufuria ya kupikia asali ya miwa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kovu la hadithi hiyo ingawa mwilini hakuwa na kovu lolote. Ukimuuliza bibi sisi kabila gani, anakuambia sisi watu wa Pangani. Ukiuliza kabla ya Pangani, anakwambia kachote maji. Mpaka nimeoa ndo baba akanieleza kwamba mama yake bibi aliletwa mtoto mdogo kutoka bara, huko huko, hajui ni Unyasa au wapi, akakulia shambani ng'ambo ya mto, na jina alilokufa nalo sio alilopewa na mama yake. Jina walilompa ni kati ya yale majina mnayoyajua, yale ya kuwapa watumwa, ya mawe ya thamani na manukato na heri na baraka, Almasi, Marjani, Feruzi, Zafarani, Mabruki. Mtu unamnyang'anya kwao alafu unamwita Baraka.

Sasa niambieni, mimi kitukuu cha yule mtoto, nikifundishwa kwamba Abushiri alipigania uhuru wa watu wa Pangani, uhuru wa nani? Sisemi hakupigania kitu. Alipigania mji wake usitawaliwe na Mjerumani, na hilo ni kweli na ni kubwa. Ila yule bibi mzaa bibi alikuwa naye ni mtu wa Pangani, na vita ile wangeishinda asubuhi yake angeamka na panga la kukatia miwa kama jana. Haya mawili ni ya kweli kwa pamoja na mtoto wa kidato cha kwanza ana akili ya kuyabeba yote mawili, watoto wetu sio wajinga kama vitabu vinavyowadhania.

Na sio Abushiri peke yake. Mirambo tunaambiwa aliunganisha Wanyamwezi, akawabana Waarabu wa Tabora, sawa, na ruga-ruga wake je? Wale vijana wa vita wengi wao walikuwa mateka wenyewe, wakienda kuchoma vijiji na kuleta mateka wengine, na lile jina lake wazee wa Unyamwezi wanasema maana yake ni maiti. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kichwa chake kimerudishwa Kalenga mwaka 1954, nchi nzima tunajua, lakini waulizeni Wasangu na Wabena babu zao walikuwa wanamkimbilia au wanamkimbia. Sipiti humu kwa urefu maana wenye habari za kule wapo na watasema wenyewe mkiwapa nafasi.

Nageukia upande wa msalaba sasa maana najua kuna watu wameshaanza kutikisa kichwa wanasema aa huyu anawasema Waislamu na machifu tu. Hapana. Mimi ni Muislamu na naanza nyumbani ndo adabu, lakini Livingstone naye tunapewa nusu. Kuna Mtaa wa Livingstone Kariakoo, kuna nyumba yake hapa Unguja aliyofikia mwaka 1866, ndani ya kanisa la Mkunazini kuna msalaba wa mti uliotoka pale moyo wake ulipozikwa, Chitambo, Zambia ya leo. Tunamjua kama mtu aliyepigana na utumwa, na maandishi yake juu ya mauaji ya sokoni Nyangwe, kule Kongo, tarehe 15 Julai 1871, aliposhuhudia wanawake wanapigwa risasi wanajitupa mtoni, yalichangia sana kufunga soko letu, siyapunguzi hata chembe. Ila njia aliyopita alipita kwa msaada wa wale wale wauza watu. Tippu Tip alimsaidia mwaka 1867. Mohammed Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ndiye aliyemuuguza alipougua karibu ya kufa na kumfikisha Ujiji akiwa hai. Na ile shajara aliyoiandika Nyangwe kwa wino wa matunda pori juu ya magazeti chakavu, wataalamu walipoisoma upya kwa mitambo ya picha, matokeo yakatoka 2011, wakakuta haifanani na kilichochapishwa baada ya kifo chake, na kwamba kuna maswali kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe siku ile. Hilo kwenye kitabu cha shule hulikuti.

Kinachoniuma zaidi kwa Livingstone sio yeye. Ni Susi na Chuma, watumishi wake wa safari. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetolewa kwenye minyororo mwaka 1861. Bwana wao amekufa Mei 1873, wao na wenzao wakamtoa moyo wakauzika, wakamkausha mwili kwa chumvi na jua, wakambeba zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Fikeni pale Bagamoyo kwenye mnara wa kanisa la zamani alipolazwa usiku ule kabla ya kuvushwa, mtaelewa. Akaenda kuzikwa London na wafalme, na Susi na Chuma kwenye mazishi hawakuwepo, aliyekuwepo kati ya waliombeba ni Jacob Wainwright peke yake. Basi mtaa umepewa Livingstone. Sijaona mtaa wa Susi na sijaona shule ya Chuma.

Bagamoyo hapo hapo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawa wananunua watoto sokoni ili wawakomboe. Walijenga kijiji cha uhuru. Ni kazi ya huruma na wapo waliopona kwa sababu yao. Lakini wale waliokombolewa waliwekwa walime mashamba ya misheni, waamke kwa kengele, waozwe ndani ya misheni, na wengine walitoroka. Mtu anayetoroka kwenye kijiji cha uhuru anatuambia kitu na mimi ningependa mwanafunzi akisikie.

Na hapa nataka nimtaje mtu mmoja, maana mkitaka jina la kuweka kwenye kitabu mimi ninalo. Swema. Msichana wa Kiyao, miaka ya 1860. Mama yake alikuwa mjane, alikopa mtama, njaa ikaja akashindwa kulipa, aliyemdai akamchukua binti akamuuza kwa msafara. Mama akawafuata. Akaomba naye achukuliwe, akakubali kubeba pembe ya ndovu ilimradi awe karibu na mwanawe. Njiani akaishiwa nguvu, wakamwacha njiani. Swema akafikishwa Unguja amekonda mifupa mitupu, aliyemleta akaona huyu hauziki, wakamfukia mchangani na roho yake bado ndani. Kijana mmoja akasikia sauti ya mtu chini, akamfukua, akampeleka kwa masista. Akaishi, akasimulia, na simulizi yake ikaandikwa.

Imeandikwa, waheshimiwa! Sio hadithi ya kutunga ya mtembeza wageni. Ipo zaidi ya miaka mia na hamsini sasa, na mimi nimeijua nikiwa mtu mzima, nimesomewa na mgeni kutoka ughaibuni kwenye simu yake tumekaa barazani pale Hurumzi, mgeni ndiye ananisomea mimi habari ya mtoto aliyefukiwa kwenye mchanga wa mji ninaouishi. Nilinyamaza siku nzima.

Najua jibu lenu maana ndilo ninalopewa kila nikilizungumza hili, zama zile zilikuwa zama zao, msiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Nimelifikiria sana hilo jibu na nimeona lina shimo katikati. Linahesabu wenye minyororo mkononi kuwa ndo watu wa zama zile, waliokuwa na minyororo shingoni linawasahau. Mama yake Swema alikuwa mtu wa zama zile. Alijua ni ubaya, hakuhitaji kusubiri karne ya ishirini na moja. Watoro waliokimbia mashamba ya pwani wakaenda kujenga vijiji vyao porini, kama wale wa Fuladoyo kule nyuma ya Mombasa, walikuwa watu wa zama zile. Na vitabu vya Mungu navyo vilikuwepo zama zile. Surat al-Balad inauliza nini kitakachokujulisha ni nini kupanda mlima mgumu, alafu inajibu, fakku raqaba, kumfungua mtu shingo. Hiyo aya Barghash alikuwa anaijua, Tippu Tip alikuwa anaijua, ilisomwa kwenye misikiti hii hii ninayoswali mimi. Mtume Paulo kwenye barua yake kwa Filemoni anamwambia mpokee Onesimo si kama mtumwa tena bali ndugu mpendwa, na hiyo mapadri waliijua kwa Kilatini. Kwa hiyo simpimi mtu kwa rula ya leo, nampima kwa rula aliyokuwa ameishika mwenyewe mkononi.

Ndo maana masheikh na maaskofu nimewaweka kwenye barua hii. Nyie mkinyamaza watoto wanadhani dini imenyamaza.

Alafu kuna kitu kingine ambacho kinahusu somo lenu la maadili moja kwa moja, na hiki mimi nakifikiria kila siku kwa sababu kazi yangu ni maneno. Tunamfundisha mtoto awe muungwana. Muungwana ni nani? Kwa wazee wetu wa pwani muungwana kwanza kabisa ni mtu asiyekuwa mtumwa, ndo maana yake ya asili, tabia njema imekuja kukaa juu yake baadaye, kana kwamba aliyezaliwa utumwani hawezi kuwa na tabia njema. Tunamwambia awe mstaarabu, na ndani ya neno hilo anakaa Mwarabu. Tunamkanya asiwe mshenzi, na mshenzi alikuwa yule wa bara aliyeletwa na msafara. Na kibarua, jamani. Vijana wetu wanaamka alfajiri wanakwenda kutafuta kibarua bandarini, neno limetoka kwenye barua, kile kikaratasi walichopewa watumwa waliokodishwa mjini kwa siku, alafu ujira wanagawana na bwana. Sisemi tuyafute maneno haya, Kiswahili ni chetu na nitakufa nacho. Nasema mwalimu wa maadili anayeandika UUNGWANA ubaoni awe amepewa na nyie kitabu kinachomweleza ameandika nini.

Wapo watakaosema hii barua inachochea. Zanzibar tunajua mwaka 1964 habari za utumwa zilitumika vipi, watu walichinjwa kwa sababu ya sura zao na ukoo wao, wauza mkate na wavuvi waliokuwa hawana hata kitwana mmoja katika vizazi vyao. Mimi nina jirani wa Kimanga, yani Mwarabu wa asili ya Oman, tunakula futari pamoja, watoto wake wananiita ami, sitaki hata kusikia mtu akichukua maneno yangu kumrushia yeye. Lakini naamini ni ile nusu ya habari ndiyo iliyoua, nusu inayosema Waarabu waliuza Waafrika, kwisha. Nzima yake inasema pia machifu wa Kiyao na wa Kinyamwezi waliteka na kuuza, Taria Topan, Mhindi, alikopesha misafara ya Tippu Tip na kwa utajiri huo huo likajengwa jumba zuri la hospitali pale baharini, Wafaransa walinunua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, piano za Ulaya na Marekani zilipigwa kwa vidole juu ya pembe zilizobebwa na mabega ya watu wa kwetu. Nzima yake inasema Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, tunayempenda kwa ujasiri wake na ambaye wageni wanatokwa machozi kwa hadithi yake, mama yake mwenyewe alikuwa suria, yani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, aliyetekwa mtoto mdogo kutoka Circassia, kule karibu na Bahari Nyeusi, na bado yeye kwenye kumbukumbu zake akautetea utumwa wa kwetu na kuwalaumu Waingereza kwa kuuondoa. Ukimwambia mtoto hayo yote hapati kabila moja la kulichukia. Anapata kazi ya kufikiri.

Na ubaya nao tusiuongezee chumvi. Vile vyumba vya chini tunavyowaingiza wageni Mkunazini, wapo wanahistoria wa hapa hapa wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, kwamba havikuwa vya watumwa. Mimi siku hizi nikiingia na wageni nawaambia kwamba jambo hili lina ubishi. Nyie mna wataalamu na mafaili, litoleeni maelezo bayana, liwekwe ukutani, sio kila mtembeza wageni aseme lake.

Sasa ninachoomba ni hiki. Majina ya mitaa yaacheni, Livingstone akae Kariakoo na Mirambo akae kwenye kambi yake Tabora, mlango wa Tippu Tip usiguswe maana uzuri wa ile nakshi ni wa fundi aliyeichonga na yawezekana sana fundi yule hakuwa mtu huru. Kwenye vitabu vya historia na maadili ondoeni watumwa kwenye orodha ya bidhaa, andikeni watu walitekwa wakauzwa. Kila mnapomwandika mkubwa mmoja aliyekuwa na watumwa, Said bin Sultan na mikarafuu yake, Barghash na maji yake ya bomba ya Chemchem ambayo watu walifaidika nayo kweli, Abushiri, Mirambo, nani sijui, andikeni na nani alimfanyia kazi na kwa masharti gani. Masuria waandikwe, maana amri ya 1897 iliyofuta utumwa hapa Unguja na Pemba wao iliwaruka, wakasubiri mpaka 1909, miaka kumi na mbili mwanamke anaambiwa wenzako wako huru ila wewe bado. Simulizi ya Swema iwe humo, kwa Kiswahili chepesi, mtoto wa darasa la sita aweze kuisoma mwenyewe. Na sisi watembeza wageni na walimu mtuite mara moja kwa mwaka mtufundishe, tutakuja kwa nauli zetu.

Na wanafunzi wa Tanzania wakija ziara Mkunazini wapewe muda. Nusu saa tu zaidi, mtu wa kukaa nao pembeni ya lile shimo akajibu maswali, mimi nipo tayari kufanya hivyo bila malipo siku yoyote mtakayoniita, hata msimu wa wageni wengi.

Bibi yangu alifariki miaka sita iliyopita. Nilipowaambia wajomba na mashangazi kwamba naandika barua hii walikaa kikao, kikao kabisa, na wakaniruhusu niandike yote isipokuwa jina la mama yake bibi, lile alilopewa shambani, wakasema watu wa Pangani wakilisoma watajua ni ukoo gani na binti zetu bado hawajaolewa. Nimeliheshimu hilo, sijaliandika. Lakini mlione, waheshimiwa. Mwaka huu, watu wazima, wenye nyumba zao na maboti yao, wanaona haya kwa jina la mtoto aliyeibiwa, na jina la aliyekuwa na shamba tunalisoma darasani kwa sauti.

Ni mimi mtoto wa Pangani, mtembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja.